Kilo Mia na Kumi na Saba

Foleni ya dirisha la dawa hospitalini ilifika hadi mlangoni siku hiyo. Kijana mmoja mrefu, kitambulisho cha kazi shingoni, alijipenyeza atoke, kitasa kikamnasa, mkono wa shati ukachanika mpaka kwenye kiwiko. Mwanamke mwenye gauni la njano akacheka kabla hajajizuia. Alikuwa mshonaji, sindano haikosi kwenye mkoba wake. Akamvuta kando, akamshonea palepale.

"Tulia," alimwambia. "Nikikuchoma, madaktari ndio hao, mimi simo."

Kijana alitulia kama mtoto anayenyolewa. Alikuwa mtakwimu wa hospitali ileile. Kazi yake ilikuwa kukadiria, kwa kompyuta, watu waliopasuliwa tumbo ili wapungue watakuwa na uzito gani baada ya miaka mitano. Mshonaji akamwambia kuwa yeye mwenyewe alipasuliwa miaka miwili iliyopita, na gauni alilovaa alikuwa amelipunguza mara nne. Alilisema bila haya, akakata uzi kwa meno, akampa namba ya simu ya duka lake la ushonaji.

Jioni hiyo kijana alipiga simu kuuliza kama mshono ule unaweza kufuliwa. Kesho yake akapiga kuuliza kama unapigwa pasi. Siku ya tatu alikosa swali, akakiri kuwa anataka kusikia sauti yake tu. Akawa anamwita fundi wangu, naye anamwita bwana hesabu. Ikapita miezi saba ya mapenzi, wakakubaliana kwamba mwisho wa mwezi atakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mshonaji.

Wiki moja kabla ya safari hiyo, mshonaji alimpelekea chakula cha mchana ofisini. Kijana alikuwa chumba cha pili akichapisha karatasi. Kompyuta ilikuwa wazi, na juu ya kioo mshonaji akaona namba ya faili lake mwenyewe. Kilo mia na arobaini na mbili siku ya upasuaji. Themanini na nane sasa. Kisha mstari ukageuka, ukapanda, ukaishia mwaka wa tano: mia na kumi na saba. Pembeni paliandikwa tarehe faili lilipofunguliwa mara ya kwanza. Ilikuwa siku nne tu baada ya kushonewa shati.

Kijana alirudi, akaona mshonaji anachokitazama, rangi ikamtoka.

"Nani alikuruhusu?" mshonaji aliuliza.

"Hakuna."

"Miezi saba unanitazama usoni, kumbe unamtazama huyu wa kwenye mstari."

Aliweka chakula mezani akaondoka. Kuhusu kunenepa tena, daktari alishamwonya kuwa wapo wanaorudi. Kilichomchoma ni vijiko vya sukari ambavyo kijana alikuwa akivizuia kwa utani, na yale matembezi ya kila Jumapili aliyoyaita ya mahaba. Aliona amepimwa kila siku bila kuambiwa. Dada yake alipomshauri asikuze mambo, kwamba mwanamume anayefikiri mbele ni wa kushukuriwa, alimkatia simu, na wiki nzima hawakusemeshana. Simu za kijana hakuzipokea hata moja. Alishona kwa hasira hadi akavunja sindano tatu kwenye suruali moja.

Siku ya tisa kijana akatokea dukani. Alisema amejishtaki kwa mkuu wake, na amenyang'anywa ruhusa ya kugusa mafaili ya wagonjwa.

"Unataka nikupigie makofi?"

"Hapana. Nimekuja kukwambia kwamba hata ukifika hizo kilo mia na kumi na saba, nitakuoa."

Mshonaji alisimamisha cherehani.

"Hiyo *hata* ndiyo inayonitia kichaa. Unanichukua kama nguo yenye kasoro, kisha unataka nikuone una moyo mzuri. Niliogopa kisu, nikalala kitandani mwa hospitali peke yangu, nikajifunza kula upya kama mtoto mchanga. Sikufanya yote hayo ili mtu anivumilie."

Machozi yalimjaa kijana machoni, hakuyafuta.

"Niliogopa," alisema mwishowe. "Baba yangu alikufa kwa uzito. Nilitaka kujua kama nitakuzika wewe pia."

"Ungeniuliza. Mdomo ninao."

"Kweli, ningekuuliza." Akavuta pumzi. "Nataka kukuoa. Safari hii sina *hata* ya kutanguliza."

Mshonaji alimtazama. Alikuwa bado anampenda, na jambo hilo lilimwongezea hasira.

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Tena sana. Kwa wazazi wangu huendi mwezi huu."

"Nitasubiri."

"Usubiri kweli. Na usinikadirie hasira zitaisha lini."

"Sitakadiria," alisema.

Mshonaji akasukuma kwa mguu lundo la vitambaa lililokuwa juu ya benchi, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kukaa, kisha akarudi kwenye cherehani yake bila kusema "karibu".