Madaftari Yaliyosafiri na Maziwa

Kila Jumatatu kabla ya kengele, Saadia alipitia kituo cha maziwa karibu na shule yao huko Burat, Isiolo. Mama Maryan, mchuuzi wa maziwa ya ngamia, aliteremsha madumu kutoka kwenye pikapu, kisha akampa gunia dogo la madaftari yaliyokuja na maziwa kutoka malishoni.

"Salaam aleikum, mwanangu. Isacko amemaliza hesabu. Ngamia wawili wamekufa, lakini hesabu amemaliza."

Isacko alikuwa pacha wa Saadia. Wakati wa ukame, watoto wa wafugaji waliondoka na mifugo kwenda fora, kambi za mbali za malisho. Mwalimu Gatakaa, mwalimu wa darasa la Saadia, alisahihisha kazi zao, na madaftari yakarudi fora pamoja na madumu matupu. Kwa miaka sita hakuna mtoto wa fora aliyeacha masomo, na shule ikasifika Burat nzima.

Muhula huo alikuja mwalimu mkuu mpya, Bwana Njeru. "Shule si posta," alisema. "Asiyeonekana darasani kwa wiki mbili, jina lake litafutwa na nafasi yake apewe mwingine." Wiki hiyohiyo jina la Ganya, mwanafunzi mwenzao aliyekuwa fora, likafutwa. Isacko ndiye angefuata.

Saadia alikuwa kiranja wa Gredi ya Sita na ndiye aliyejaza rejista ya asubuhi. Kwa siku nane alimwandika pacha wake kuwa yupo.

"Utanaswa," rafiki yake Janice alimnong'oneza. "Huyu mwalimu anahesabu hata chaki."

"Ninailinda shule."

"Unamlinda Isacko."

Siku ya tisa, Bwana Njeru aliita majina mwenyewe. Alipofika kwa Isacko, aliona alama za kuwepo za siku nane, na dawati tupu. Alimgeukia Mwalimu Gatakaa. "Ikiwa rejista yako ni ya uongo, kwa nini niyaamini madaftari yako?" Akaitisha kikao cha wazazi ili mpango huo ukomeshwe.

Kikaoni, Saadia alisimama mbele ya wazazi. "Mimi ndiye niliyeandika uongo. Mwalimu hakujua. Isacko hakuwepo hata siku moja."

Mama Maryan aliweka daftari la Isacko mezani, likinuka maziwa na moshi. "Mwalimu, mimi sijui kusoma vizuri. Soma wewe."

Bwana Njeru alisoma kwa muda mrefu. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, makosa yaliyotiwa wino mwekundu, kisha hesabu zilezile zikiwa zimerudiwa mpaka zikawa sahihi. "Mdanganyifu haonyeshi makosa yake," alisema hatimaye. "Madaftari yaendelee. Lakini aliye fora ataandikwa kuwa yuko fora."

Saadia alivuliwa ukiranja. Jina la Ganya lilirudishwa, ila mwenyewe hakurudi. Jina lilipofutwa, baba yake alikuwa amempeleka mbali, Merti, kuchunga mifugo ya watu.

Mwalimu Gatakaa alimkuta Saadia akilitazama dawati tupu la Ganya. "Shule hii ilikuwa na mashahidi wakweli, yaani madaftari, mwanangu, nawe ukawaongezea mwongo. Mwongo mmoja huwafanya hata wakweli wasisadikiwe. Jambo jema hutetewa kwa ukweli, hata kwa sauti inayotetemeka."

Kisha akampa gunia la madaftari. Juu kabisa palikuwa na daftari jipya lenye jina la Ganya.

"Mwambie Mama Maryan atafute pikapu ya Merti," alisema. "Na usichelewe. Maziwa hayangoji mtu."