Kadi ya Bustani

Udongo ulianzia chini ya kucha. Zingekuwa kucha za mkulima tusingekuwa na hadithi, angenawa akaenda kulala. Lakini huyu alikuwa Dobi, mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na moja, mikono ndani ya maji ya moto na dawa ya madoa tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Kucha zake zilikuwa nyeupe kuliko meno ya watu fulani, na wanajijua. Siku hiyo alizitazama juu ya beseni akaona mistari kumi myeusi. Akasugua, ikatoka. Alipomaliza kukunja shuka la pili, ilikuwa imerudi.

Hakushtuka. Dobi alikuwa hashtuki tena. Moyo wake ulishapigwa pasi siku nyingi, ukabaki bapa, hauna kunjo wala joto. Mumewe alipohama na vyombo, aliuliza tu kama ameacha ndoo.

Hapo ndipo mtihani ulipomkamata pabaya. Kulikuwa na kazi ng'ambo, kutunza wazee, na barua ilisema anaweza kwenda na ndugu mmoja. Alitakiwa tu kufaulu mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Alishaanguka mara mbili, na ya tatu ndiyo ya mwisho. Mara zote aliangushwa na swali la kitoto: wakati wa mapumziko unapenda kufanya nini? Kiingereza alikuwa nacho, kile cha kuombea maji. Kupenda ndiko hakuwa nako. Alikaa kimya mbele ya mtahini mpaka muda ukaisha.

Ndipo akaenda kwa Profesa. Profesa hakuwa profesa, kama vile yule anayejiita Simba mtaani kwenu asivyokuwa na mkia. Alikuwa na chumba, ubao, koti moja, na kopo la biskuti lililojaa kadi. Kila kadi ilikuwa na hobi moja na maelezo yake ya dakika mbili, tayari kukaririwa. Sharti lilikuwa moja: watu wawili wasibebe hobi moja kwa mtihani wa siku moja, maana watahini wakisikia kwamba bibi yuleyule amewafundisha watu watatu kupika, wanaanguka wote. Anayewahi anachagua. Dobi alitoka kazini, akachelewa. Mpira ulishachukuliwa na dereva wa lori. Kuimba kulichukuliwa na fundi bomba mwenye sauti ya pampu. Kwenye kopo ilibaki kadi moja, imelala kifudifudi.

"Hiyo hapana," Profesa alisema.

"Imeandikwa nini?"

"Bustani. Iache, dada yangu. Nitakuandikia nyingine wiki ijayo."

"Mtihani ndio wiki ijayo, Mwalimu."

Akaichukua. Profesa akageuka, akaanza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Kadi ilisema: hobi yangu ni bustani. Nina bustani nyuma ya nyumba yangu. Kila jioni natia mikono kwenye udongo na nasahau uchovu wangu. Dobi aliishi ghorofa ya tatu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na hewa.

Aliikariri kwa sauti, mara arobaini kwa siku. Mtahini wake wa nyumbani alikuwa mdogo wake aliyeishi naye, ambaye jengo zima lilimwita Kasuku kwa sababu chochote kilichoingia sikioni kwake kilitokea mdomoni. Siku ya pili Kasuku alikuwa ameishika kadi kuliko mwenye kadi.

"Dada, tabasamu! Unasema unapenda maua kama mtu anayesoma mita ya maji."

"Nitatabasamu siku yenyewe."

"Ukianguka mimi naondoka na nani? Nimeshawaaga maadui zangu wote."

Siku hiyo hiyo ya pili ndipo ilipotokea ile mistari ya kucha. Siku ya tatu ikaja harufu. Udongo uliolowa, na chini yake kitu kama maji ya maua yaliyosahauliwa ndani ya chupa. Dobi alikuwa amejilaza baada ya kazi, jua limejaa chumbani, Kasuku ametoka. Akasikia kwaru. Kimya. Kwaru. Alidhani ni jirani anakwangua sufuria, ila sauti ilitoka chini ya kitanda, na ilikuwa na pumzi ndani yake, pumzi ya mtu anayeinama na kuinuka, anayeinama na kuinuka, na kila ilipoinuka godoro lilisogea kidogo mgongoni kwake kama udongo unaotifuliwa, na yeye akalala palepale akitazama dari, mikono imenyooka ubavuni, akihesabu zile kwaru kama anavyohesabu mashuka, huku kifuani mwake, pale palipopigwa pasi, kitu kikianza kuchangamka, kitu kilichopenda ile sauti, kilichoitamani iendelee, na hicho kitu hakikuwa chake.

"Nani?" akanong'ona.

Akajibiwa kwa Kiingereza, taratibu, kwa adabu, Kiingereza kizuri ambacho Profesa asingekipata hata akizaliwa upya.

"Ulisema una bustani. Nimekuja kulima."

Alipoinua shuka, godoro lilikuwa limetobolewa mashimo kwa mistari, shibiri moja toka shimo hadi shimo, kila shimo limefukiwa udongo. Akafukua la kwanza. Kifungo cha sare yake. La pili, kitana. La tatu, hereni ya Kasuku.

Akaifuta hereni, akairudisha kwenye sahani yake, akaenda kwa Profesa bila kubadilisha viatu.

Profesa alipoziona zile kucha akafunga mlango. "Nilikwambia iache," akasema kwa sauti ya chini. "Niliitunga mwenyewe, hapa hapa, kwa kalamu ya kuazima. Sikujua kuna anayesikiliza. Binti wa duka la dawa ndiye aliyeichukua kwanza. Akakariri, akakariri. Siku za mwisho alikuwa anaomba maji tu. Ukimpa, anajimwagia miguuni."

"Kisha?"

"Walipokwenda kumwosha hakutoka kitandani, mama. Alikuwa ameota mizizi." Akalitazama kopo. "Nimeichana ile kadi mara tatu. Naikuta koponi."

"Dawa yake?"

"Mganga alinipa neno moja, tukachelewa nalo. Hilo jini halikuvamia, limealikwa. Bustani iliyosifiwa kwa uongo ikanushwe kwa ukweli, mbele ya mtu yule yule aliyeandaliwa uongo."

"Mtahini."

"Ndiyo. Ila utaanguka."

"Sawa," akasema Dobi, kama mtu aliyeambiwa sabuni imekwisha.

Siku ya mtihani mtahini alikuwa mama mwenye miwani, na kinasa sauti chenye taa nyekundu mezani. Swali likaja palepale. Wakati wa mapumziko unapenda kufanya nini?

Jibu lilianza kupanda lenyewe kooni, tamu, limekamilika, lenye lafudhi ya watu wenye bustani kweli. Chini ya meza, miguuni kwake, kwaru. Kwaru. Angenyamaza tu likajisemea, angefaulu kuliko wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile. Dobi akauma ulimi mpaka akaonja damu.

"Sina bustani," akasema kwa Kiingereza chake cha kuombea maji. "Nilikariri. Mimi nafua mashuka. Nikirudi, nakaa. Sipendi kitu."

Mtahini akaweka kalamu chini. "Hakuna kabisa? Hata kimoja?"

Dobi akatafuta. Alitafuta muda mrefu, na mahali fulani ndani ya ule moyo bapa akakuta kunjo moja dogo.

"Mdogo wangu," akasema. "Anaongea sana. Nikirudi, nakaa, namsikiliza. Nampenda. Labda hiyo ndiyo hobi yangu."

Kwaru ikakoma. Ikakoma kama mtu aliyeinua kichwa.

"Hilo," mtahini akasema akitabasamu, "ndilo jibu la kwanza la kweli nililosikia leo." Akaandika, na jinsi alivyoandika, hata asiyejua mitihani angejua amefaulu. Dobi akatazama kucha zake. Nyeupe pe. Kwenye ngazi alicheka, mara moja, na mlinzi akageuka kumtazama.

Harufu ilimpokea mlangoni.

Kasuku alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya chumba, mgongo umenyooka, miguu mitupu imeshikana na sakafu. Alikuwa anazungumza na ukuta kwa Kiingereza kizuri mno. Nina bustani nyuma ya nyumba yangu. Kila jioni natia mikono kwenye udongo. Kadi yote, neno kwa neno, kama alivyomsahihisha dada yake siku zote zile, kwa sauti.

"Kasuku."

Akanyamaza. Akageuza shingo peke yake, mwili haukufuata. Mikono ilikuwa magotini, mistari kumi myeusi. "Umefaulu, dada?"

"Nimefaulu."

"Nilijua. Nina kiu."

Dobi akajaza glasi, akamsogezea mdomoni. Kasuku akakaza midomo, na katikati yake kulikuwa na kijani, jani moja changa, limejikunja.

"Si huko, dada," akasema kwa upole. "Miguuni."

Dobi akaishusha glasi. Kisha akainama, akamwagia. Sakafu ya saruji ikanywa maji yote, halafu Dobi akaenda kujaza glasi nyingine.