Korongo Aliyebaki Kinamasini

Ulikuwa msimu wa kupanda, na duka la pembejeo alimofanya kazi Nanzala, karibu na soko kuu la Eldoret, lilijaa hadi mlangoni. Mvua ilizidi kuwasukuma watu ndani. Nanzala, akiwa amevaa dasti koti la kijani la kazini, alikuwa akipima mbegu aliposikia sauti nzito kutoka nyuma ya wateja.

"Dada, niuzie mahindi ambayo korongo hawezi kupenda."

Watu walicheka. Nanzala akainua macho akaona kijana mrefu, viatu vyake vya gambuti vimejaa tope lakini koti la ngozi linang'aa.

"Korongo hachagui," akamjibu. "Mpandie yake kando."

"Nilimpandia. Anamaliza yake, halafu anakuja kwangu."

Aliitwa Isaiah Macharia. Alilima na mama yake, Waiyego, kando ya kinamasi upande wa Soy. Aliondoka na mbegu pamoja na namba ya simu ya Nanzala, na jioni hiyo akapiga.

"Mbegu ziko na shida?" Nanzala akauliza.

"Mbegu ziko sawa. Mwenye shida ni mimi."

"Basi hiyo dawa hatuuzi."

"Najua. Ndiyo maana sikupiga simu ya duka."

Jumapili, baada ya kanisa, Isaiah alimpeleka kinamasini. Nanzala alikuwa amevaa rinda la maua na viatu visivyofaa tope, akalazimika kumshika mkono. Korongo wawili walisimama kwenye nyasi fupi: shingo za kijivu, mashavu meupe, kifuko chekundu chini ya koo, na kichwani taji la manyoya magumu ya rangi ya dhahabu. Dume akainamisha kichwa. Jike naye akainama. Kisha wakaanza kuruka, mbawa wazi, wakirusha vipande vya nyasi juu.

"Hao ni mke na mume," Isaiah alinong'ona. "Kiota kiko pale kwa matete. Wanalalia mayai kwa zamu."

"Na wanakula mahindi yako."

"Wanakula. Mama anawachukia sana. Mimi siwezi, Nana. Nimekua nikiwaona."

Nanzala alimpenda kuanzia hapo.

Mahindi yalipoanza kuchipuka, korongo walifukua mistari mizima. Isaiah alikuja dukani kununua dawa ya wadudu, akasema mama amemtuma, kuna viwavi. Nanzala alimuuzia bila kuwaza. Baada ya siku chache, Khisa, jirani wa Isaiah, alileta habari dukani: korongo jike amekufa shambani kwa kina Macharia, tumboni mahindi yaliyopakwa dawa. Maafisa wa wanyamapori wamemchukua Isaiah, na amekiri.

Nanzala alikwenda Soy, akasimama kwenye kijia cha umma. Dume alikuwa bado pale. Alitembea mahali mwenzake alipoangukia, akasimama, akainua shingo na kutoa mlio wake mzito unaofika mbali, halafu akanyamaza kana kwamba anasikiliza. Hakuna aliyemjibu. Kiotani hakukuwa na ndege.

Isaiah alipoachiliwa kwa dhamana, alipiga simu mara nyingi. Nanzala alipokea mara moja tu.

"Ile dawa uliinunua mkononi mwangu," akamwambia. "Usinipigie tena."

"Sawa," Isaiah akasema. Hakujitetea, na hilo lilimuudhi zaidi.

Aliyekuja kumtafuta ni Mama Waiyego mwenyewe, leso kichwani, sweta imelowa mvua. Alingoja wateja waishe.

"Msichana wangu, ile dawa niliipaka mimi. Yeye alikuwa ameenda Cheptiret siku hiyo. Nilikuwa nimepanda mara mbili na kufukuliwa mara mbili."

"Kwa nini hujasema, Mama?"

"Amenikataza. Anasema na hii presha yangu, nitafia ndani ya jela." Akapangusa uso. "Na mimi naogopa. Wacha nisikudanganye."

Nanzala alimkuta Isaiah ameketi kando ya kinamasi, amekonda, koti lile la ngozi limekunjamana.

"Uliniacha nikuchukie," akasema.

"Ilikuwa rahisi kuliko kukuambia ni mama."

"Rahisi kwako."

"Pole, mpenzi. Nilitaka nikuoe Desemba. Sasa sijui nitakuwa wapi. Usinisubiri."

"Hilo nitaamua mimi. Lakini ukinificha jambo tena, hata kwa nia nzuri, nitaenda."

Akakaa karibu naye, wakashikana mikono.

Siku ya hukumu, chumba cha mahakama kilinuka makoti yenye unyevu. Hakimu alisema ndege hao wanakwisha nchini na mfano lazima uonekane. Alipotaja kifungo, Mama Waiyego alianza kusimama, mdomo wazi. Isaiah alimtazama kutoka kizimbani akatikisa kichwa polepole. Mama akakaa.

Isaiah alimgeukia Nanzala, akajaribu kutabasamu, kisha askari akamwongoza kupitia mlango wa pembeni.

Kwenye benchi, mkono wa Mama Waiyego ulitafuta wa Nanzala ukaushika. Ulikuwa baridi. Nanzala hakuubana, wala hakuutoa wake. Walikaa hivyo hadi karani alipoita kesi nyingine.