Amina ya Jumamosi

Jumapili iliyopita nilimziba mdomo Rebeka, mjane wa mchungaji, katikati ya sala, kanisa zima linaona. Wanasema Magdalena amechizika. Waseme. Mimi si mtu wa kuona majini. Wanaoyaona huku Unyambwa wengi wao ni wavivu wa kulima.

Ilianza Jumamosi moja, jua linazama. Nilikwenda kanisani kuosha vikombe vya ushirika, kazi yangu ya miaka ishirini. Mchungaji Elisha alikuwa kitandani wiki ya tatu, hana sauti hata ya kuomba maji. Ilimkauka siku aliyokata mti wa matambiko kule kilimani, apate mbao za mabenchi. Wazee walimkataza. Akawacheka.

Kuku wa sadaka, aliyefungwa miguu kusubiri mnada wa kesho yake, alikuwa anapiga kelele. Ghafla akanyamaza. Akaficha kichwa chini ya bawa.

Mlango ukajifunga. Taratibu... bila upepo.

Nikausukuma. Nikaupiga teke. Ng'o! Madirisha yana nondo. Tuliziweka wenyewe, tukiogopa wezi wa nje.

Kisha harufu. Udongo mbichi, kama umechimbwa sasa hivi. Na ilikuwa Agosti, ardhi kavu kama tofali.

"Bwana Yesu asifiwe."

Sauti ya Mchungaji Elisha, kutoka kwenye mabenchi mapya. Mtu hayupo.

"Amina," nikaitika. Mdomo umezoea, haungoji akili.

Benchi la mbele likalia, kama mtu ameinuka.

"Udongo kwa udongo," ikasema. "Majivu kwa majivu. Mavumbi kwa mavumbi. Tunamlaza ndugu yetu Elisha... kwa jina la Bwana..."

Ikasita.

Inangoja.

Nimezika wengi, najua pa kuitikia. Sala isiyoitikiwa haijafungwa. Mchungaji yuko hai, nyumba ya pili tu, na ulimi wangu ndio unaotakiwa kumzika.

"Mwizi wa sauti wewe," nikanong'ona. "Hupati kitu."

"Udongo kwa udongo..."

Karibu zaidi. Ikifika pale, inasita, na ile amina inanipanda kooni kama kikohozi. Nikachukua kitambaa cha meza ya Bwana, Mungu anisamehe, nikakishindilia mdomoni.

Mara ya saba, nikasikia malapa kwenye kokoto. Rebeka, mkewe, ananitafuta.

"Bibi Magdalena, shikamoo! Uko humo? Mbona giza..." Akatega sikio. "Jamani! Si mume wangu huyo? Ameongea!"

Nikavuta kitambaa. Kimenasa kwenye meno.

"...kwa jina la Bwana..."

Nikapiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Amina!" Rebeka akaitika, analia kwa furaha.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Tulimkuta Mchungaji kitandani kwake, amekata roho, macho wazi, kucha zimejaa udongo mbichi.

Rebeka sijamwambia. Nimwambie nini? Anajivunia kwamba aliisikia sauti ya mumewe kwa mara ya mwisho.

Sasa hiyo Jumapili iliyopita. Mchungaji mpya anaomba. Chini yangu benchi likalia, kisha ikaja ile sauti, taratibu, ndani ya sauti yake:

"Tunamlaza dada yetu Magdalena..."

Ikasita. Kando yangu Rebeka akafungua mdomo.

Nilimuwahi.

Lakini viganja vyangu ni viwili. Kanisani tuko mia mbili.