Mlinzisauti na Mtani wa Bibi Nyamizi

Mlango wa Bibi Nyamizi ulikuwa na masikio. Juu ya kitasa kilikaa chombo cha duara kiitwacho Mlinzisauti. Mtu akibisha hodi, chombo kilipima sauti yake, kikayachambua maneno yake, kisha kikaamua kama anafaa kuingia. Bibi naye alivaa bangili ya mapigo iliyosoma mwendo wa moyo wake usiku na mchana. Mgeni akitoa kauli chafu na mapigo ya mzee yakapanda, jina la mgeni huyo lilizuiwa, na mlango ule mzito usiopitisha sauti haukumfungukia tena.

Mwaka huo wa 2094, nyumba mia mbili za Mtaa wa Zabibu, Dodoma, zilikuwa na chombo hicho kwa ruzuku ya mtaa. Na ilikuwa ruzuku njema, tusiibeze. Wazee walizoea kufokewa na wajukuu wasio na haya na kuzungukwa na matapeli, na mambo hayo sasa yalikuwa yamekoma. Injinia Remija, aliyekibuni chombo, alikuwa na haki ya kutembea kifua mbele. Kipimo chake cha utulivu kilifika asilimia tisini na nane, na Ijumaa ya wiki hiyo angewaonyesha wafadhili ili mitaa mingine nayo ipate.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa Bibi Nyamizi kuchukua takwimu za mwisho. Bibi huyu wa miaka themanini na minne alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazee, na ndiye aliyekaa maabara siku tatu akikitajia chombo matusi ya kukataa. Alitaja mia nne na ushee bila kusoma popote, mpaka mafundi wakatoka nje kwenda kucheka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Remija alishtuka. Bibi alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea, na uji wake umeganda mezani. Bangili ilionyesha mapigo sitini na mawili: utulivu kamili.

"Unaumwa, Bibi?"

"Siumwi, hamu tu sina." Akausogeza uji pembeni. "Kuna Mgogo mmoja, Ndahani, mtani wangu mimi wa Tabora. Miaka thelathini kila asubuhi anakuja hapa kunitukana, nami namrudishia. Sasa inakaribia miezi miwili hajatia mguu. Sijui kaninunia?"

"Si ungempigia simu, Bibi?"

"Nimpigie nimwambieje? Mtani hanuni, na haulizwi kama kanuna. Nikimuuliza tu, utani umekwisha."

Remija alikulia kwenye maghorofa ya pwani, na utani wa makabila aliujua kwa kuusoma vitabuni. Alifungua daftari la mlango, ambalo hakuna aliyewahi kulisoma, maana taarifa zilibeba tarakimu tu. Siku ya kwanza: Ndahani ameingia, ametukana, mapigo mia na kumi na mawili, hofu. Tangu siku ya pili: amezuiwa. Mara arobaini na moja. Na chombo hakikumwambia bibi, kwa kuwa Remija mwenyewe alikipanga kisiwafadhaishe wazee.

Akabonyeza rekodi mojawapo. Sauti ya Ndahani ikajaa chumbani.

"We mpagazi! Bado umelala na mzigo kichwani? Fungua, nimekuletea mlenda, uule uteleze mpaka kwenu Tabora!"

Mapigo ya bibi yakaruka, bangili ikawaka taa nyekundu ya hofu. Remija akamtazama bibi usoni. Alikuwa akicheka, amejishika mbavu, machozi yanamtoka. Ndipo injinia alipoelewa kwamba furaha na hofu huupandisha moyo ngazi ileile, na kwamba kile alichokiita utulivu kilikuwa upweke. Aliona aibu kubwa.

Rekodi ya mwisho ilikuwa ya wiki mbili nyuma. "Hodi," ilisema sauti ileile, sasa ya chini, yenye kikohozi. "Mimi Ndahani. Naomba, kama si usumbufu, nimwone Bibi Nyamizi."

"Samahani," chombo kilimjibu. "Jina lako limezuiwa."

Kicheko cha bibi kikakatika. "Ndahani kaomba? Kwa adabu? Nipe kanga yangu, mwanangu. Yule hawezi kuniheshimu akiwa mzima."

Gari lisilo dereva liliwafikisha mtaa wa pili kwa dakika kumi. Uani kwa Ndahani palikuwa na majamvi na watu wachache walioketi kimya. Perusi, binti yake mkubwa, alikuja bila tabasamu.

"Tulimzika Ijumaa iliyopita, Bibi. Hatukukuita. Baba alisema umemfungia mlango."

"Nani alilizuia jeneza?"

"Hakuna. Baba amezikwa kimya."

Kwa watani, kuzikwa kimya ni kuzikwa nusu. Mtani ndiye huvaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo wake na kuzuia jeneza, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio.

"Dada, kosa ni langu," Remija alisema. "Chombo changu ndicho kilichomfungia. Bibi hakujua."

"Matusi nilikitajia mimi," alisema bibi. "Na nusu yake, Perusi, nilifundishwa na baba yako. Nileteeni koti lake."

Akalivaa. Akapinda magoti, akatembea kimatege kama marehemu, akisimama kila hatua mbili kukohoa. "Ndahani, mwoga mkubwa! Umeona nakushinda, ukaenda kujificha ardhini!" Bangili ikawaka nyekundu na kulia. Remija akaifungua taratibu mkononi mwa bibi, akaizima. Kesho angewaambia wafadhili kwamba ile asilimia tisini na nane ni ya kujutia, si ya kujivunia.

Perusi alijikaza, akashindwa, akacheka kwa sauti. Kisha kikamtoka kilio alichokishikilia siku sita.

Bibi alijitupa jamvini akihema, koti bado mwilini. "Sasa mimi nimebaki na nani?" alisema. "Huyu ndiye alikuwa alizuie jeneza langu."

Perusi alifuta macho kwa ncha ya kanga. Alikuwa hajawahi kumtolea bibi huyu neno lisilo la heshima.

"Nitalizuia mimi," alisema. "Nitalilalia, we kikongwe wa Tabora, mlafi wa asali!"