Simu Ambayo Ylfa Hakuipiga

Ng'ombe waliuzwa mwanzoni mwa mwaka, lakini Bibi Ragna aliendelea kuamka saa za kukamua. Kila alfajiri Ylfa alimsikia akishuka ngazi polepole, akibandika kahawa na kufungua redio asikilize hali ya hewa. Redio ilitaja kila upande wa kisiwa: magharibi, kaskazini, mashariki, na mwisho kabisa nyanda za juu za katikati, ambako hakuna hata kijiji kimoja. Bibi aliitikia kwa kichwa kila jina, kama mtu anayepokea habari za jamaa zake. Jamaa wenyewe hakuwahi kuwaona. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, na mwenye ng'ombe halali nje ya nyumba yake.

"Sasa utawaona wote, Mama," mama yake Ylfa alimwambia kiangazi kilipofika. "Tunaizunguka nchi nzima."

"Na haya magoti yangu?"

"Yatakaa kwenye gari pamoja na wewe."

Wakaondoka watatu: Bibi mbele, Mama kwenye usukani, na Ylfa nyuma pamoja na mifuko ya kulalia, samaki mkavu, siagi, na kopo la maandazi ya kusokota. Mjomba Hjalti, kaka yake Mama, alibaki kuangalia shamba, maana ulikuwa msimu wa kukausha majani ya kondoo.

Ylfa hakuwahi kumwona bibi yake akiwa vile. Kwenye maporomoko ya Dettifoss, ambako ardhi yenyewe hutetemeka, Bibi alisimama ndani ya manyunyu mpaka miwani yake ikawa haioni kitu. "Maji yote haya," alipaza sauti, "na hakuna ng'ombe hata mmoja wa kuyanywa!" Karibu na ziwa Mývatn walipita mahali ambapo tope huchemka kama uji na hewa hunuka mayai yaliyooza. Bibi akamgeukia Ylfa kwa uso mkali. "Ni wewe?" Ylfa alicheka mpaka akapaliwa na andazi.

Siku ya mwisho walikuwa warudi nyumbani kwa barabara ya pwani, wapite kwenye barafu kuu, wamalizie kwenye ufukwe mweusi ulio jirani na shamba lao. Lakini asubuhi hiyo Bibi alikizungusha kikombe chake mikononi.

"Barafu nimeitazama kutoka dirishani maisha yangu yote," akasema. "Ufukwe hautahama. Ningependa kuona katikati. Pale redio inapomalizia."

Mama alitazama anga. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu. "Haya, tupite njia ya katikati. Ylfa, mpigie mjomba wako, mwambie tumebadilisha. Usisahau, sawa? Mimi najaza mafuta."

Kwao mtu haingii nyanda za juu kabla mtu wa nyumbani hajajua anapita njia gani. Na Mjomba Hjalti hakuwa mtu wa nyumbani tu. Alikuwa pia katika kikosi cha uokoaji, kile cha wakulima na walimu na mafundi wanaojitolea kutafuta waliopotea.

Ylfa alitoa simu. Ng'ambo ya kituo cha mafuta kulikuwa na bwawa la maji ya moto, na wasichana wawili aliocheza nao jana walikuwa wanampungia mkono juu ya uzio. Akaenda kuwaaga. Maneno yakazaa maneno. Mama alipopiga honi, alirudi mbio na kurukia kiti cha nyuma.

"Umempigia?"

"Ndiyo, nimeshampigia."

"Amesemaje?"

"Amesema... amesema sawa. Twende salama. Na Bibi avae soksi nzito."

"Huyo ndiye Hjalti wangu," Bibi akasema kwa furaha.

Ylfa aliona masikio yake yakiwaka moto. Nitamtumia ujumbe sasa hivi, aliwaza. Lakini alisubiri mpaka Mama asiwe anamtazama kwenye kioo, na walipoipita nyumba ya mwisho bondeni, simu haikuwa tena na mtandao.

Katikati ya nchi kulikuwa jangwa jeusi, na pande zote mbili milima ya barafu imelala kama mashuka yaliyoanikwa. Bibi alishusha kioo cha dirisha lake. Kisha akasema, "Kumbe ni kukubwa hivi," na Ylfa akaona kuwa analia kidogo, kwa namna nzuri.

Mchana ulipoanza kugeuka jioni walifika kwenye mto usio na daraja. Maji yalikuwa ya kijivu na yalikwenda kwa kasi.

"Nilivuka hapa na Baba nikiwa msichana," Mama alisema.

"Baba yako alivuka asubuhi," Bibi akajibu. "Jua likishaiyeyusha barafu mchana kutwa, mto huu huwa mto mwingine. Ingia kwanza kwa miguu upime. Au tungoje gari lingine."

"Tutangoja mpaka lini? Hatujakutana na gari tangu asubuhi. Itakuwa sawa tu, Mama. Mambo hujipanga."

Ndivyo wasemavyo watu wa kisiwa kile kwa karibu kila jambo, na mara nyingi mambo hujipanga kweli. Safari hii hayakujipanga. Walipokaribia ukingo wa pili gurudumu la mbele lilitumbukia, maji yakapanda juu ya boneti, injini ikakohoa na kuzima.

Mama aliwatoa kupitia dirishani. Alimbeba Bibi mgongoni, akitafuta pa kukanyaga, huku Ylfa ameshika mkanda wake kutoka nyuma. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kuuma. Walifika kwenye kokoto wakiwa wameloa mpaka kiunoni. Simu ya Mama ilikuwa imekunywa maji. Ya Ylfa, iliyokuwa kwenye mfuko wa juu wa koti, ilikuwa nzima, lakini mtandao haukuwapo. Waliokoa mfuko mmoja wa kulalia, nusu umeloa, wakamwingiza Bibi na kujibanza nyuma ya jabali kukwepa upepo.

"Sasa sikilizeni," Mama alisema, meno yakigongana. "Hatutawanyiki. Anayezurura huku ndiye anayepotea. Hjalti anajua tumepita wapi. Akiona jioni inaingia hatujafika, atawatuma watu moja kwa moja hapa. Kazi yetu ni kukaa pamoja na kungoja."

Ylfa alivuta zipu ya koti lake mpaka kidevuni.

Wakangoja. Kiangazi giza haliji katika nchi ile, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba muda unakwenda, isipokuwa mto uliozidi kupanda na upepo uliozidi kuwa baridi. Mama alitazama upande wa kusini, kulikokuwa nyumbani, kila mara, kwa matumaini. Kila alipotazama, Ylfa aligeukia mtoni. Yeye peke yake alijua kwamba upande ule hakuna mtu anayekuja. Aliomba kimoyomoyo litokee gari lolote, watalii waliopotea, yeyote, ili asilazimike kusema. Halikutokea.

"Hjalti hachelewi hivi," Mama alinong'ona.

Bibi alikuwa akitetemeka kiasi kwamba mfuko wa kulalia ulitoa sauti. Kisha, taratibu, akaacha kutetemeka. Mwanzoni Ylfa alifurahi. Halafu akauona uso wa Mama, akaelewa kwamba mwili wa Bibi unaishiwa joto.

"Mama," Ylfa alisema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto mchanga. "Sikumpigia."

"Nini?"

"Mjomba. Sikumpigia. Nilikuwa kwenye bwawa. Yale ya soksi niliyatunga. Anadhani tuko njia ya pwani. Hakuna anayekuja, Mama."

Mama hakumpiga wala hakupaza sauti. Alimtazama tu, na Ylfa angependelea kofi kuliko mtazamo ule. Kisha Mama akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Alionyesha kilima kirefu nyuma yao. "Huenda juu kule kuna mtandao. Ningejua, ningekuwa nimeshapanda zamani. Kaa na bibi yako. Ingia humo ndani ya mfuko, umkumbatie. Mzungumzishe. Asilale, umenielewa? Asilale."

Akaenda, akipanda kwa mikono na miguu, mpaka akawa alama ndogo, na alama yenyewe ikapotea.

Ylfa alimkumbatia bibi yake. Ilikuwa kama kukumbatia jiwe la mtoni.

"Bibi, niambie habari za ng'ombe."

"Wameshakamuliwa?" Bibi aliuliza. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumtazama Ylfa. "Nani amewafungia mlango?"

"Nimewafungia mimi, Bibi."

"Binti mwema."

Hapo ndipo Ylfa alipolia. Alisugua mikono ya Bibi, akapulizia pumzi vidoleni mwake, akamtajia ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, na akikosea jina Bibi alimsahihisha, kisha akawa hasahihishi tena. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Mto ulinguruma, barafu zilimetameta kwa uzuri ule ule wa mchana, na hakuna chochote katika uzuri wote ule kilichojali.

Mama alirudi akiteleza kwenye changarawe, magoti yanavuja damu. "Wamenisikia! Mtandao ulikatika, lakini waokoaji wamenisikia. Wanatoka kwenye kibanda cha walinzi wa nyanda."

Wakamweka Bibi katikati yao. Baada ya muda ambao Ylfa hakuweza kuupima, lilitokea lori lenye magurudumu marefu kuliko mtu. Watu wenye makoti mekundu walishuka na blanketi kavu, wakamfunga Bibi kama mtoto mchanga. Njiani kuelekea zahanati, Bibi alianza tena kutetemeka. Mmoja wao akacheka kwa furaha na kusema, "Tetemeka, mama yangu, tetemeka, ndivyo tunavyotaka!"

Mjomba Hjalti aliwakuta zahanati siku iliyofuata. Bibi alikuwa ameketi kitandani akigomea chai isiyo na sukari. Mjomba alimbusu mama yake, akamkumbatia dada yake, kisha akaketi mbele ya Ylfa. Alipofungua mdomo ulitoka mnong'ono tu.

"Mjomba, sauti yako imefanya nini?"

"Imebaki ufukweni. Jana hamkufika, na mawimbi yalikuwa makubwa. Nilijua mtamalizia kwenye ufukwe mweusi. Tukadhani bahari imewachukua. Bonde zima lilitoka, Ylfa. Tulitembea kwenye maji tukiita majina yenu mpaka tulipopigiwa simu."

"Na majani?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo. "Si yalikuwa yamelazwa shambani yakauke?"

"Mvua ikanyesha alfajiri, tukiwa bado ufukweni. Yameloa yote. Ya kwetu na ya majirani."

Ylfa alitazama sakafu. "Nilisahau kupiga," alisema.

"Hapana," Mjomba alinong'ona, bila ukali. "Kusahau ni kitu kidogo. Mimi husahau kila siku. Ungesema 'nimesahau' pale kituoni, mama yako angekugombeza, ungepiga, basi. Lakini ulisema umeshapiga. Mtu akisikia hivyo anaacha kujihadhari, anaegemea neno lako kama ukuta. Mama yako aliliegemea, bibi yako aliliegemea, na ukuta haukuwapo."

"Na mimi nilikosa," Mama akaongeza. "Niliambiwa nipime mto, nikajifanya ninaujua. Usibebe yote peke yako."

Walipofika nyumbani hakuna aliyemwagiza Ylfa. Alichukua reki ghalani na kwenda kwa jirani, Sesselja, mama wa makamo ambaye majani yake yalikuwa yamelala shambani yameloa. Sesselja alikuwa akigeuza majani ili upepo upite chini yake.

"Ulinitafuta ufukweni," Ylfa alisema. "Sikuwa huko kwa sababu nilidanganya. Nimekuja kugeuza majani."

Sesselja alisimamisha reki yake. Naye alikuwa na mnong'ono badala ya sauti.

"Umekuja kusema mwenyewe. Kuna watu wazima hawajawahi kufika hapo," alisema. "Ukweli huuma anayeusema, mara moja tu. Uongo huendelea kuuma, na haujui nyumba ya nani itafuata. Haya, anza upande ule, uyanyanyue, usiyakanyage. Upepo ukiendelea hivi, huenda tukaokoa nusu."

Ylfa akaanza upande ule.