Mtetemo wa Landrova ya Mwitongo

Kaka yangu Baltazari haogopi kitu isipokuwa mke wake. Ni fundi magari pale Nyasho, Musoma, na sifa yake ni magari ya zamani yaliyowashinda wenzake. Ukimletea habari za uchawi anakucheka usoni, anakuambia mchawi anayemjua yeye ni fundi aliyeacha nati bila kuikaza. Haya ninayosimulia niliyaona mimi dada yake, Adventina, kwa sababu mchana mimi ndiye ninayempelekea ugali na samaki furu.

Asubuhi moja ya kawaida kabisa, kunguru wakigombania matumbo ya samaki, aliingia gereji Revocatus wa Mwitongo, Butiama, akiendesha Landrova ya marehemu baba yake. Gari la miaka ya sitini, bodi safi, taa za duara zinang'aa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: linatetemeka.

"Halikuwaga hivi, fundi," alisema. "Limeanza baada ya msiba wa mama. Na ninalihitaji. Dorotea anakaribia kujifungua."

Dorotea ni mkewe. Walikuwa wameomba mtoto miaka na miaka, wakasali novena, wakanywa mizizi, mpaka majirani wakachoka kuwasema. Sasa mimba ilikuwa imekubali, na kila kliniki alikwenda kwa Landrova hiyo. Revocatus alilizungumzia tumbo la mkewe utadhani yeye ndiye amelibeba.

Baltazari alianza anavyoanzaga. Aliliacha gari lingurume likiwa limesimama, gia huru. Likatetemeka, kwa hiyo si magurudumu wala propela inayoyazungusha. Akachomoa waya za plagi, moja baada ya nyingine, asikie ni silinda ipi mvivu. Zote zilikuwa nzima. Akatoa mkanda wa feni. Likatetemeka. Akabadilisha vipira vinavyokaliwa na injini, akaapa kwamba ugonjwa ni huo, kumbe siyo.

"Zima," alimwambia Revocatus.

Mngurumo ukakatika. Baltazari alikuwa ameweka kiganja juu ya bodi. Hakukiondoa.

"Nimesema zima."

"Nimezima, fundi."

Kaka yangu ni mbishi wa kuzaliwa. Aliifunga injini kwenye winchi, akaichomoa yote, akailaza juu ya matairi makuukuu. Gari likabaki ganda tupu. Nilipofika na chakula aliniita kwa kidole, kimya, akaniambia niweke mkono kwenye benchi la nyuma.

Lilikuwa linatetemeka. Si kwa mfululizo, kama mashine. Lilitetemeka, likatulia, likatetemeka tena kwa nguvu. Nimeuguza wanangu malaria, mtetemo ule naujua. Ule ni wa mtu mwenye homa.

"Nani alilala hapa?" Baltazari aliuliza kwa sauti ya chini.

Revocatus alikaa chini kwenye mafuta machafu na suruali yake nzuri.

"Mama," alisema.

Mama yake, Wankyo, alishikwa na homa kali. Revocatus akamlaza kwenye benchi lile, wakaondoka wawili tu kwenda hospitali Bunda. Walipopita Nyamuswa, mama akakata roho. Sasa, katika ukoo wao, aliyefia njiani haingii nyumbani kwa lango. Ua wa minyaa hukatwa, apitishwe kwenye upenyo, na wazee humwita kwa jina na kumwambia safari imekwisha.

"Mama yangu mimi?" Revocatus alinong'ona. "Ule ua aliupanda yeye. Nimpitishe kwenye tundu kama mwizi? Nikageuza gari. Nikasema nitamwingiza langoni kama mgonjwa, nimlaze kitandani kwake, halafu asubuhi ndiyo nilie."

"Halafu?"

"Kwenye kizuizi askari akachungulia. Nikamwambia, mgonjwa, afande, ana homa. Akaniuliza, mbona ametulia hivyo? Nikapanda nyuma kama ninamfunika. Nikaingiza mkono chini ya blanketi." Akaangalia kiganja chake. "Nikamtikisa, fundi. Nikamtikisa mpaka askari akasema pole, pita. Nikamwingiza langoni, na wazee mpaka leo wanajua alifia kitandani."

Baltazari alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, mikono ambayo haikuwa na grisi.

"Huyo bado yuko safarini," alisema. "Nenda kawaambie wazee. Wakate ua, waseme naye. Na mkeo asipande gari hili."

"Nitawaambia. Dorotea ajifungue kwanza. Akisikia jambo hili sasa hivi atashtuka, na mimba yenyewe ndiyo hii moja."

Alimpenda mama, akamdanganyia. Akampenda mke, akamficha. Mapenzi ya namna hiyo nayaogopa kuliko chuki. Baltazari alirudisha injini, kwa kuwa mali ni ya mtu, na Landrova ikaondoka ikitetemeka.

Uchungu ulimshika Dorotea saa nne asubuhi, jua kali. Revocatus alitafuta gari kwa majirani, hakupata. Akamlaza mkewe kwenye lile benchi, akanipigia simu niwapokee hospitali hapa Musoma, kwa kuwa mjini hawana ndugu wa kike.

Nilimkuta Dorotea kitandani, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Dada Adventina, huyu hajatulia," alisema. "Anacheza tu. Njia nzima anacheza."

Nesi alisikiliza tumbo. Akahamisha kifaa, akasikiliza tena. Akaita mwenzake. Wakaleta mashine, wakatazama kioo, wakatazamana.

"Mama," nesi alisema polepole, "mtoto amefariki. Na si leo."

Dorotea alicheka. "Mnaniongopea. Mbona anacheza?"

Akauchukua mkono wa nesi, akauweka tumboni. Nesi aliuchomoa mkono wake, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Shuka lilikuwa linatikisika. Linatulia. Linatikisika.

Revocatus alikuwa amesimama mlangoni. Akapiga magoti. Hakuwa anamtazama mkewe.

"Mama, basi," alisema. "Ulishafariki. Nilidanganya. Basi, mama."

Tumbo likatulia palepale.

Dorotea alisubiri. Alijipapasa huku na huku, akabonyeza, akasubiri tena. Kisha akamgeukia mumewe, akapiga yowe ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya.

Ua ulikatwa. Wazee walimwita Wankyo, wakamwambia safari imekwisha. Jeneza dogo lilipitishwa kwenye upenyo uleule, mtoto akazikwa kando ya bibi yake. Landrova haitetemeki tena, Baltazari ameijaribu mwenyewe. Revocatus haiendeshi. Tulidhani mambo yameishia hapo.

Kesho yake baada ya mazishi, tukiwa tunafagia uwanja kwao Mwitongo na wanawake wenzangu, tulikuta nyayo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, udongo laini. Miguu mitupu ya mtu mzima, midogo, visigino vimezama sana, kama vya mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Zimeingia kwenye upenyo, zikapita makaburi bila kusimama, zikavuka uwanja.

Za kutoka hazikuwepo. Zilikuwa zimeishia mlangoni kwa Dorotea.